Mazoezi ya pamoja ya mbio ndefu za milimani

Mazoezi ya pamoja ya mbio ndefu za milimani ni mazoezi ambamo kundi la wakimbiaji hupita pamoja kwenye vijia vya milimani ili kujiandaa kwa ultramarathoni, yaani mbio yoyote yenye urefu unaozidi kilomita 42.195 za marathoni. Kwa kawaida huchukua saa tatu hadi nane na hufanyika mwishoni mwa wiki. Ndani yake kuna kukimbia, kutembea, kupanda, kushuka, kula na kunywa njiani.

Tofauti na mashindano, mazoezi haya hayatafuti mshindi. Kundi huhesabiwa kuwa limefanikiwa pale wote walioondoka wanaporudi salama, kila mmoja akiwa amejifunza jambo kuhusu mwili wake. Kwa sababu hiyo mwendo wa kundi huwekwa na mtu wa mwisho, si wa kwanza.

## Historia

Ultramarathoni kongwe inayojulikana zaidi barani Afrika ni Comrades, kati ya Durban na Pietermaritzburg nchini Afrika Kusini. Ilianza mwaka 1921 kwa kuwakumbuka askari waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Urefu wake ni takriban kilomita 90, na ingawa hupita barabarani, ina vilima vingi. Ndani ya mbio hiyo kuna desturi ya kukimbia kwa makundi yanayoitwa "mabasi". Kiongozi wa kundi huitwa "dereva", naye hupanga wapi watu wakimbie na wapi watembee ili wote wafike kabla ya muda kuisha.

Mbio za vijiani za maili 100 (kilomita 161) zinahusishwa sana na mwaka 1974, wakati Gordy Ainsleigh alipoingia kwa miguu katika mashindano ya farasi katika milima ya Sierra Nevada, Kalifornia, na kumaliza katika muda usiofika saa 24. Kutokana na tukio hilo ilizaliwa mbio ya Western States. Waandaaji wa mbio hiyo huendesha pia mazoezi ya pamoja ya siku tatu mfululizo mwishoni mwa Mei, ambapo wakimbiaji hupita sehemu kubwa ya njia yenyewe kabla ya mashindano ya Juni.

Barani Ulaya, mbio ya kuuzunguka Mont Blanc (UTMB) ilianza mwaka 2003. Hupita Ufaransa, Italia na Uswisi kwa takriban kilomita 170, na jumla ya kupanda kwake hufikia karibu mita 10,000.

## Afrika Mashariki

Kukimbia kwa makundi si jambo geni Afrika Mashariki. Katika mji wa Iten nchini Kenya, ulioko takriban mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, makundi makubwa hukutana alfajiri, huanza polepole, kisha huongeza mwendo. Anayeshindwa kufuata huachwa, naye hurudi nyumbani kwa nafasi yake. Utaratibu huo unawezekana kwa sababu barabara za Iten zina nyumba, watu na bodaboda. Katika kijia cha mlimani chenye ukungu, ambako mtu hukutani naye kwa saa nzima, aliyeachwa yuko hatarini. Hiyo ndiyo tofauti kubwa kati ya mazoezi ya barabarani na ya milimani.

Nchini Tanzania, Mlima Kilimanjaro (mita 5,895) umekuwa uwanja wa rekodi za kukimbia. Mwongozaji wa milima Simon Mtuy, aliyekulia kwenye miteremko ya mlima huo, alipanda kutoka lango la Umbwe hadi kilele cha Uhuru na kushuka hadi lango la Mweka kwa saa 8 na dakika 27 mwaka 2004. Mwaka 2006 alipanda na kushuka tena bila msaada, akijibebea maji, chakula na nguo, kwa muda unaozidi kidogo saa 9. Kilian Jornet wa Hispania alitumia saa 7 na dakika 14 mwaka 2010, na Karl Egloff, mwongozaji kutoka Ekuado, alitumia saa 6 na dakika 42 mwaka 2014. Watalii wa kawaida hutumia siku tano hadi nane katika mlima huohuo. Rekodi hizo ziliwekwa na watu waliozoea mwinuko kwa miaka mingi, na si kipimo cha kundi la mazoezi.

Kilimanjaro Marathon hukimbiwa mjini Moshi tangu mwaka 2003, na Rwenzori Marathon hukimbiwa Kasese, Uganda, tangu mwaka 2022. Zote mbili hukimbiwa chini ya milima na si ultramarathoni, lakini wakimbiaji wengi huanza na mbio za aina hiyo kabla ya kuingia vijiani. Katika mashindano ya dunia ya mbio za milimani na vijiani yaliyofanyika Chiang Mai, Thailand, Novemba 2022, Rebecca Cheptegei wa Uganda alishinda mbio ya wanawake ya kupanda na kushuka.

## Kupanga njia na muda

Milimani umbali peke yake haueleweshi ugumu wa njia. Njia ya kilomita 20 yenye kupanda mita 1,200 inaweza kuwa ngumu kuliko kilomita 30 za tambarare. Kwa hiyo viongozi wa kundi huhesabu mambo mawili: umbali, na jumla ya mita za kupanda.

Kanuni rahisi ilitolewa mwaka 1892 na mpanda milima wa Uskoti, William Naismith. Kwa vipimo vya sasa, mtembeaji huhesabiwa saa moja kwa kila kilomita 5, kisha saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Njia iliyotajwa hapo juu itahesabiwa hivi:

- kilomita 20 ÷ 5 = saa 4
- mita 1,200 ÷ 600 = saa 2
- jumla = saa 6

Mkimbiaji hodari atamaliza mapema kuliko hapo, lakini kundi hupangwa kwa hesabu ya mtembeaji, kwa sababu mtu akiumia kundi zima litatembea. Kwenye saa hizo sita huongezwa muda wa kupumzika na akiba ya dharura. Kundi likiondoka saa 12 asubuhi, hesabu hiyo hulifikisha saa 6 mchana, na bado mwanga wa kutosha unabaki iwapo kutatokea jambo.

Kabla ya kuondoka, kiongozi huweka pia saa ya kugeuka. Ni saa ambayo kundi litarudi popote lilipo, hata kama kilele kinaonekana. Saa hiyo hupangwa nyumbani, watu wakiwa wametulia, kwa kuwa mtu aliyechoka na aliye karibu na kilele hupata shida kuamua vizuri. Mtu mmoja anayebaki nyumbani huachiwa orodha ya majina, njia itakayopitwa na saa ya kurudi.

## Mpangilio wa kundi

Kundi dogo la watu watano hadi kumi na wawili ni rahisi kulisimamia. Kundi kubwa hugawanywa. Kila kundi huwa na watu wawili wenye kazi maalumu:

- Mtu wa mbele anaijua njia, anazuia mwendo usizidi na anatangaza mashimo, mizizi na mawe.
- Mtu wa nyuma hapitwi na yeyote kwa nyuma. Huyu hubeba kisanduku cha huduma ya kwanza, na huchaguliwa miongoni mwa wenye uzoefu.

Katika kila njia panda, wa mbele husimama hadi wa nyuma afike, kisha watu huhesabiwa. Kosa linalotokea mara nyingi ni kuondoka papo hapo wa mwisho anapofika. Wenye kasi huwa wamepumzika dakika tano, ilhali aliyechoka zaidi hapumziki hata kidogo, na kila kituo humwongezea uchovu. Kundi lililozoea humpa wa mwisho muda wa kunywa, kula na kufunga kamba za viatu kabla ya kuendelea.

Wenye kasi wanaotaka mazoezi makali wanaweza kukimbia kilima hadi juu, kurudi chini kwa mtu wa mwisho, kisha kupanda tena. Kwa njia hiyo wanapata mita nyingi zaidi bila kulivunja kundi.

## Kupanda na kushuka

Katika ultramarathoni ya milimani karibu wakimbiaji wote hutembea kwenye miinuko mikali. Kutembea kwa hatua fupi na za haraka, mikono ikisukuma mapaja au ikitumia fimbo, huokoa nguvu bila kupoteza muda mwingi. Kipimo kinachotumiwa na makundi mengi ni mazungumzo: mtu akishindwa kutamka sentensi nzima bila kukatisha pumzi, mwendo umezidi.

Kushuka ndiko kunakoumiza misuli zaidi. Msuli wa mbele wa paja hufanya kazi ya breki huku ukivutwa, na nyuzi zake huchanika kidogokidogo. Maumivu yake huzidi kati ya siku ya kwanza na ya tatu baada ya mazoezi. Mwili ukishapona, msuli huwa imara zaidi dhidi ya kazi hiyohiyo. Ndiyo sababu mkimbiaji mwenye pumzi nzuri aliyefanya mazoezi kwenye tambarare pekee huweza kushindwa kwenye mteremko wa kwanza mrefu. Kushuka hufunzwa kwa hatua fupi, magoti yakiwa yamelegea na macho yakitazama mita chache mbele badala ya vidole vya miguu.

## Maji na chakula

Mahitaji ya maji hutofautiana kulingana na joto, mwili na mwendo. Wakimbiaji wengi hutumia kati ya mililita 400 na 800 kwa saa. Kunywa kidogo mno huleta upungufu wa maji mwilini. Kunywa kupita kiasi nako ni hatari, kwani chumvi katika damu hupungua, na dalili zake ni kichefuchefu, kuumwa kichwa, kuchanganyikiwa na hatimaye degedege. Mwongozo rahisi ni kunywa kulingana na kiu na kula kitu chenye chumvi.

Kwa mazoezi ya saa nyingi, mwili huhitaji takriban gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa. Vyakula vya kawaida vinatosha: ndizi mbivu, viazi vitamu vya kuchemsha, tende, chapati au kashata. Ndizi moja ya wastani ina takriban gramu 25 za wanga. Karanga na korosho zina nguvu nyingi lakini mafuta yake huchelewa kumeng'enywa, kwa hiyo hufaa zaidi nyakati za kutembea na baada ya mazoezi.

Tumbo nalo hufunzwa kama miguu. Chakula ambacho mtu hajawahi kukila akiwa anakimbia hakifai kujaribiwa siku ya mashindano.

## Vifaa

Kila mkimbiaji hubeba vitu vyake mwenyewe hata akiwa ndani ya kundi, kwa kuwa kundi linaweza kugawanyika. Vifaa vya msingi ni maji, chakula cha akiba, koti la kuzuia mvua na upepo, tochi ya kichwani, simu yenye chaji, filimbi, bandeji na blanketi jepesi la dharura. Ishara ya kuomba msaada milimani ni milio sita ya filimbi ndani ya dakika moja, kisha kimya cha dakika moja, kisha milio hurudiwa.

Koti huonekana halina maana kwa anayeondoka bondeni jua likiwaka. Hata hivyo joto la hewa hupungua kwa wastani wa nyuzi 6 hivi kwa kila mita 1,000 za kupanda, na mwili wenye jasho hupoa haraka unaposimama kwenye upepo.

## Hatari na uamuzi wa kurudi

Tarehe 22 Mei 2021, katika mbio ya milimani ya kilomita 100 karibu na mji wa Baiyin, mkoa wa Gansu nchini China, mvua ya mawe, baridi na upepo mkali viliwakuta wakimbiaji katika sehemu ya juu ya njia. Wengi walikuwa wamevaa fulana na kaptura. Kati ya washiriki 172, watu 21 walikufa, wakiwemo wakimbiaji hodari waliokuwa wakiongoza. Mchungaji mmoja aliwaokoa wakimbiaji sita kwa kuwapeleka ndani ya pango na kuwasha moto. Koti la kuzuia upepo halikuwa kifaa cha lazima katika mbio hiyo. Tukio hilo linaonyesha kwamba wepesi wa miguu haumkingi mtu na baridi. Aliye mbele ndiye hufika kwanza kwenye hali mbaya, na mara nyingi akiwa peke yake.

Hatari nyingine ni ugonjwa wa mwinuko, ambao unaweza kuanza kuanzia takriban mita 2,500. Dalili za mwanzo ni maumivu ya kichwa, kichefuchefu na kukosa usingizi. Mtu anayeyumba kama mlevi, anayechanganyikiwa au anayehema hata akiwa amepumzika anapaswa kushushwa mara moja. Kuwa na afya njema ya kukimbia hakumkingi mtu na ugonjwa huo. Mgonjwa hateremki peke yake.

Watanzania wengi wanamkumbuka John Stephen Akhwari, ambaye katika marathoni ya Olimpiki ya mwaka 1968 huko Mexico City alianguka na kuumia, lakini akaendelea hadi mwisho, zaidi ya saa moja baada ya mshindi. Ushujaa wake huhesabiwa kuwa kielelezo cha uvumilivu. Lakini Akhwari alikimbia katika barabara za mji, mahali ambapo msaada ungeweza kumfikia. Katika kijia cha mbali, anayeficha jeraha ili amalize huwalazimu wenzake kumbeba baadaye, tena gizani. Kwa hiyo mazoezi ya pamoja hufundisha jambo linaloonekana kinyume: kusema mapema kwamba umeumia, na kukubali kurudi bila aibu. Kundi lililomzoea kila mmoja hutambua mabadiliko hata kabla ya mwenyewe kusema, kwa mfano mcheshi anaponyamaza au mwepesi anapoanza kujikwaa.

## Katika maeneo yasiyo na milima mirefu

Sehemu kubwa ya Waswahili huishi mbali na milima mirefu. Mfano ni kata ya Naipingo katika Wilaya ya Nachingwea na maeneo jirani ya Ruangwa, mkoani Lindi. Nchi hiyo ina nyanda na vilima, na mwinuko wake ni wa mamia machache tu ya mita. Mazoezi ya mwinuko wa juu hayawezekani huko, lakini mazoezi ya miguu yanawezekana.

Njia yake ni kurudia kilima. Kilima chenye kimo cha mita 50 kikipandwa na kushukwa mara 20, mkimbiaji amepanda mita 1,000 na kushuka mita 1,000. Mazoezi ya namna hiyo yana faida ya pekee kwa kundi lenye watu wa kasi tofauti: wote hubaki kwenye kilima kimoja, hupishana na kuonana kila baada ya dakika chache, na maji huachwa mahali pamoja chini. Hakuna anayepotea wala kuachwa.

Joto ndilo kikwazo kikubwa zaidi katika maeneo hayo, kwa hiyo kundi huanza kabla ya jua kuchomoza. Msimu wa mvua, ambao kwa kusini mwa Tanzania ni mmoja na huanza takriban Novemba au Desemba hadi Aprili, hufanya vijia viteleze na nyasi kuwa ndefu, na nyoka huwa vigumu kuonekana. Wakati wa kiangazi kuna mioto ya porini. Katika baadhi ya vijiji tembo huingia mashambani, hivyo wenyeji huulizwa kwanza kuhusu usalama wa njia.

Mtu aliyejiandaa katika nyanda za chini na anayekwenda kushindana juu ya mita 2,500 anahitaji siku kadhaa za kuzoea mwinuko kabla ya mashindano, hata kama miguu yake iko tayari.

## Vijiji, mashamba na hifadhi

Vijia vingi vya milimani Afrika Mashariki si vya michezo. Ni njia za kwenda shambani, kisimani, shuleni na sokoni. Wakimbiaji husimama kusalimia, huwapisha wenye mizigo kichwani na mifugo, na hawakatizi katikati ya mazao. Kundi la watu wanaokimbia ghafla kijijini linaweza kuzua hofu, kwa hiyo ni vizuri uongozi wa kijiji upewe taarifa mapema.

Katika hifadhi za taifa na za misitu kuna ada na vibali. Kupanda Kilimanjaro, kwa mfano, kunahitaji mwongozaji aliyesajiliwa. Takataka zote, yakiwemo maganda na karatasi za peremende, hurudishwa bondeni.

## Tazama pia

- Marathoni
- Riadha
- Mlima Kilimanjaro
- Ugonjwa wa mwinuko
- John Stephen Akhwari
- Wilaya ya Nachingwea